Ruhusa za soketi ya libvirt hazidumu seva inapowaka upya: nani hasa anastahili kuifikia?

Furu_wa_Kirumba ameuliza:

Habari za kazi, wakuu. Ninasimamia seva moja katika ofisi ya biashara ya samaki hapa Kirumba, si mbali na Mwaloni. Seva hiyo inatumia Ubuntu 22.04 pamoja na QEMU na KVM (zinazoendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu ndani ya seva) na libvirt (inayozisimamia), na ndani yake kuna mashine pepe nne: ya uhasibu, ya rekodi za mizani, ya mafaili ya ofisi, na moja niliyoiita mafunzo kwa ajili ya majaribio. Wanaozisimamia ni mimi, mwenzangu aliyeko tawi letu la Nansio kule Ukerewe, na mwanafunzi mmoja aliyekuja kwetu kwa mafunzo kwa vitendo. Ipo pia akaunti iitwayo mlinzi, ambayo si ya mtu bali ni ya skripti inayohesabu kila baada ya dakika tano mashine zilizo kazini na kunitumia ujumbe ikikuta mojawapo imezimika. Makarani wawili nao wana akaunti kwenye seva hiyohiyo, lakini wao hupandisha mafaili kwa SFTP tu.

Miezi miwili iliyopita mwanafunzi huyo alishindwa kuziona mashine. Amri ya virsh, inayotumika kuiagiza libvirt, ilimjibu kwamba amekataliwa ruhusa kwenye /var/run/libvirt/libvirt-sock, yaani soketi ambayo maagizo hayo hupitia. Nilimwingiza katika kikundi cha libvirt, akajaribu tena papo hapo, akakataliwa vilevile. Foleni ya kazi ilikuwa ndefu siku hiyo, na nakiri kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyeandika amri hii:

sudo chmod 777 /var/run/libvirt/libvirt-sock

Soketi ikawa wazi kwa kila mwenye akaunti, kila kitu kikafunguka, hata skripti ya mlinzi ambayo nayo ilikuwa inasumbua, nikasahau. Wiki iliyopita umeme ulikatika, betri ya akiba ikaisha kabla sijafika ofisini, na seva ilipowaka tena soketi ilikuwa imerudi kwenye ruhusa ya 0660, yaani ya mmiliki na kikundi chake tu. Nilifungua /etc/libvirt/libvirtd.conf, nikaondoa alama ya reli mbele ya unix_sock_rw_perms na kuweka "0777", nikaanzisha huduma upya, lakini hakuna kilichobadilika. Naomba kuelezwa mambo mawili: kwa nini mpangilio huo haufuatwi, na je, katika miezi ile miwili nilijiweka hatarini kweli, ilhali wote wenye akaunti kwenye seva ni watu wetu?

Daladala_Buzuruga amejibu:

Mkuu, tatizo kama hilo nililimaliza kwa kuweka amri ileile ya chmod katika crontab (ratiba ya amri) ya ruti, yaani mtumiaji mwenye mamlaka yote, kwenye mstari unaoanza na @reboot. Seva ikiwaka, amri inajiendesha yenyewe na hutahangaika tena.

Mama_Seva amejibu:

Ndugu Daladala, naomba nitofautiane nawe kabla mwenye swali hajalifuata pendekezo hilo, kwa sababu kilichorudi baada ya umeme kukatika ndicho kilichokuwa sahihi.

Nianze na sababu ya ruhusa kutodumu, maana hiyo ni nyepesi. Saraka ya /var/run ni kiungo tu cha kuelekea /run, na /run hukaa kwenye kumbukumbu ya muda, si kwenye diski, kwa hiyo seva ikizimika vyote vilivyomo hupotea. Soketi unayoiona leo si ile uliyoibadilishia ruhusa. Hii imeundwa upya. Tena anayeiunda si libvirtd, yaani huduma ya libvirt yenyewe, bali ni systemd, programu inayowasha huduma za seva, ambayo huifungua soketi mapema na kuiamsha libvirtd pale tu mteja anapobisha hodi. Utaratibu huo uliingizwa katika libvirt toleo la 5.6.0 mwaka 2019, na pale unapotumika, mistari ya unix_sock_group na unix_sock_rw_perms iliyomo katika libvirtd.conf haina nguvu yoyote. Onyo la jambo hilo limeandikwa ndani ya faili lenyewe, juu kidogo ya mstari ulioufungua, lakini sote tunajua jinsi macho yanavyoruka maandishi ya aina hiyo. Anayetaka kubadilisha ruhusa kwa njia inayodumu hutumia sudo systemctl edit libvirtd.socket, kisha huandika:

[Socket]
SocketMode=0660
SocketGroup=libvirt

Kwako wewe hata hilo si la lazima, kwa kuwa Ubuntu tayari imeweka thamani hizo. Nimeziandika ili ujue zinakaa wapi, na ili usije ukaufuta mstari wa SocketMode ukidhani unarahisisha mambo: systemd isipoelezwa ruhusa ya soketi huichukulia kuwa 0666, yaani mtumiaji yeyote wa seva anaweza kuunganishwa. Kosa hilohilo liliwahi kuwapata watengenezaji wa libvirt wenyewe. Mwaka 2019 ilibainika kwamba soketi za usimamizi za virtlockd na virtlogd hazikuandikiwa SocketMode, na kwa hiyo kila mwenye akaunti aliweza kuzipa huduma hizo maagizo ya kiutawala. Udhaifu huo ulisajiliwa kama CVE-2019-10132, nao ulitokana na mstari mmoja uliokosekana.

Kuhusu mwanafunzi wako, hakuhitaji chmod hata kidogo. Linux humpa mtu orodha ya vikundi vyake anapoingia, na programu zake zote huirithi orodha hiyo. Ukimwongeza kikundini akiwa tayari ameingia, dirisha alilonalo halijui habari hiyo. Angetoka na kuingia tena, au angeandika newgrp libvirt, soketi ingemkubali. Hata hivyo nafurahi hukulijua hilo siku ile, kwa kuwa kumwingiza kikundini nako hakukuwa sawa, na hapo ndipo penye jibu la swali lako la pili.

Libvirtd inaendeshwa kwa mamlaka ya ruti. Kwenye Ubuntu, mtu akishapita kwenye soketi ya kuandika haulizwi nenosiri wala kitu kingine. Ruhusa ya soketi ndiyo ukaguzi wote. Mtu huyo anaweza kuandika maelezo ya mashine pepe mpya na kutaja kwamba diski yake ya pili ni /dev/sda, yaani diski halisi ya seva yako. Akiiwasha na kuingia ndani ya mashine hiyo, anaisoma diski ya seva nzima, ikiwa ni pamoja na vitabu vya uhasibu na /etc/shadow (faili la manenosiri), na anaweza pia kuandika humo apendavyo. Utaniambia kwamba QEMU haiendeshwi kama ruti bali kama mtumiaji libvirt-qemu, na kwamba AppArmor huizungushia kila mashine uzio wake. Ni kweli, na uzio huo ni wa thamani kubwa pale programu iliyo ndani ya mashine pepe inapojaribu kutoroka kupitia kasoro ya QEMU, kama ile ya kiendeshi cha diski laini iliyotangazwa mwaka 2015 kwa jina la VENOM. Lakini hapa anayeubomoa uzio ni libvirtd yenyewe. Ikishaona diski imetajwa katika maelezo, humpa libvirt-qemu umiliki wa diski hiyo na kuiandika katika orodha ya AppArmor ya vitu vinavyoruhusiwa, kwa kuwa inaamini aliyeagiza ana haki ya kuagiza. Ni kama kumwachia mtu mhuri wa ofisi: hana haja ya kuiga sahihi ya meneja, anagonga mhuri tu na barua inapokelewa kila mahali.

Kwa hiyo kikundi cha libvirt kihesabu kuwa sawa na ruti na umwingize humo yule tu ambaye ungempa sudo kamili, yaani haki ya kuendesha amri zote kama ruti. Wewe na mwenzako wa Nansio mnaingia. Mlinzi na mwanafunzi hawaingii.

Mlinzi anatazama tu, na kwa watazamaji kuna soketi nyingine, libvirt-sock-ro, ambayo ruhusa yake ya kawaida imeachwa wazi makusudi. Kinachotakiwa ni skripti yake iongezewe herufi moja:

virsh -r -c qemu:///system list --state-running --name

Usiiache hiyo -c. Mtumiaji wa kawaida asipotaja anwani huunganishwa na qemu:///session, ambayo ni libvirt yake binafsi isiyo na mashine hata moja. Skripti ingekuta orodha tupu na kukutumia ujumbe usiku wa manane kwamba mashine zote nne zimekufa. Wala usidhani soketi ya kusoma haiwezi kabisa kudhuru. Mwaka huohuo wa 2019 iligunduliwa kwamba kupitia soketi hiyo mtu aliweza kuitaka libvirtd ifungue njia yoyote ya faili, hata kuifanya iendeshe programu nyingine, na ilibidi toleo la 5.4.1 litolewe kwa ajili ya kuziba kasoro hizo. Masasisho ya usalama yasicheleweshwe.

Kuhusu mwanafunzi, njia ninayoipendelea kwenye 22.04 ni sudo yenye mipaka. Fungua sudo visudo -f /etc/sudoers.d/mafunzo na uweke mstari huu, ukibadilisha jina la akaunti:

mwanafunzi ALL=(root) NOPASSWD: /usr/bin/virsh start mafunzo, /usr/bin/virsh shutdown mafunzo, /usr/bin/virsh destroy mafunzo

Maneno yaandikwe kamili, bila alama ya nyota. Usimruhusu virsh edit kwa mashine yoyote, kwa sababu amri hiyo hufungua kihariri cha maandishi kwa mamlaka ya ruti, na kutoka ndani ya kihariri kuingia kwenye ganda la amri ni hatua moja. Vilevile usimruhusu virsh pekee bila maneno ya mbele, kwa kuwa sudo huhesabu hapo kwamba umeruhusu kila kitu. Polkit, mfumo wa Linux wa kuamua nani aruhusiwe nini, nayo inaweza kugawa ruhusa kwa mashine mojamoja, ukiwasha access_drivers katika libvirtd.conf, lakini kanuni za aina hiyo zinahitaji polkit mpya kuliko iliyomo katika 22.04. Ukihamia 24.04 tuzungumze tena.

Kabla ya yote, chunguza kilichopita. Angalia maelezo ya kila mashine kwa virsh dumpxml, utafute diski ya aina ya block usiyoifahamu, saraka ya seva iliyoshirikishwa, au mstari wa qemu:commandline. Angalia /etc/libvirt/hooks. Kisha fungua /var/log/libvirt/qemu: mashine iliyowashwa kwa virsh create haiachi faili la maelezo ikizimwa, ila kumbukumbu yake hubaki hapo, na ndani yake mna amri nzima ya QEMU pamoja na diski zote zilizotumika.

Furu_wa_Kirumba ameandika:

Shukrani nyingi, dada. Nimefuata maelekezo hayo asubuhi ya leo, na nimekuta jambo. Katika /var/log/libvirt/qemu kuna faili liitwalo jaribio2.log, na mimi sijawahi kuunda mashine ya jina hilo. Niliishiwa nguvu kwa muda. Nilimwita mwanafunzi, akasema bila kusita kwamba aliiwasha yeye, siku mbili baada ya mimi kufungua ile soketi, ili ajifunze kusanidi Debian. Nilisoma amri iliyomo ndani ya faili neno kwa neno, nikakuta diski ni moja tu, nayo ni faili lililomo katika /var/lib/libvirt/images, pamoja na picha ya usanidi ya ISO. Hakuna /dev/sda wala saraka ya seva. Kijana hana kosa. Mlango niliuacha wazi mimi.

Nimemwondoa kikundini, nimeirudisha libvirtd.conf ilivyokuwa, na skripti ya mlinzi imetulia. Ninachoogopa sasa ni kuanzisha upya libvirtd wakati wa kazi, kwa sababu mashine ya rekodi za mizani inatumika tangu alfajiri mitumbwi inapofika. Je, nisubiri usiku?

Mama_Seva amejibu:

Usisubiri. Mashine pepe ni michakato ya QEMU inayojitegemea. Libvirtd ikianzishwa upya huzikuta zikiendelea na kujiunganisha nazo tena. Ukitaka kuhakikisha, ianze mashine ya mafunzo, fanya systemctl restart libvirtd, kisha angalia ndani yake imekaa hewani kwa muda gani.

Jiwe_Majini amejibu:

Naomba kuongeza mawili ambayo naona yamepitwa.

La kwanza ni makarani wa SFTP. Mwenye swali amewataja kana kwamba hawahusiki, lakini katika miezi ile miwili wao ndio walionitia wasiwasi kuliko mwanafunzi. SSH, njia ya kuingia sevani kwa mbali ambayo SFTP hupitia, inaweza kupitisha soketi za Unix kama inavyopitisha poti za mtandao. Mtu ambaye umemlazimisha kutumia internal-sftp hapati ganda la amri, ni sawa, lakini kama hukuzuia upitishaji, anaweza kuomba /run/libvirt/libvirt-sock ya seva yako ifunguke kwenye kompyuta yake mwenyewe, na kwa ruhusa ya 777 angekubaliwa. Sisemi makarani wana nia hiyo. Nasema kwamba aliyeiba nenosiri la karani angekuwa ameiba seva. Katika sshd_config, ndani ya Match ya kikundi chao, weka DisableForwarding yes. Pia uwe na hakika kwamba akaunti hizo haziko katika kikundi chochote zaidi ya chao.

La pili ni mwenzako wa Nansio. Hujaeleza anaziendeshaje mashine akiwa kule, na uzoefu wangu unaniambia kwamba palipo na fundi ng'ambo ya maji, pana poti iliyofunguliwa kwa haraka, kwa kuwa hakuna anayetaka kupanda kivuko kwa ajili ya kuwasha mashine moja. Andika sudo ss -ltnp kwenye seva. Ukiona 16509 inasikiliza, hiyo ni libvirt kwa TCP isiyosimbwa, na ifungwe leo. Ukiona 5900, 5901 na kuendelea zikiwa kwenye 0.0.0.0 (yaani wazi kwa mtandao wote), hizo ni skrini za mashine zako kwa VNC, na yeyote aliye kwenye Wi-Fi ya ofisi anaweza kukaa mbele ya mashine ya uhasibu kana kwamba yuko kwenye kiti chake. Nenosiri la VNC halikuokoi, kwa kuwa husomwa herufi nane tu za mwanzo.

Furu_wa_Kirumba ameandika:

Mkuu, umesema kama uliyekuwa ofisini kwetu. 16509 haipo, lakini VNC zote nne ziko kwenye 0.0.0.0. Mwenzangu huziingia kupitia mtandao binafsi unaounganisha ofisi mbili, nasi tukaona kwamba mtandao huo unatosha kuwa kinga.

Jiwe_Majini amejibu:

Mtandao huo unakinga njia ya ziwani, haukukingi na kompyuta iliyo mezani kwa jirani yako. Katika maelezo ya kila mashine, sehemu ya graphics, badilisha anwani ya listen iwe 127.0.0.1, yaani seva yenyewe tu. Hapa kuna tofauti na mambo ya libvirtd: mabadiliko hayo hayashiki mpaka mashine pepe izimwe kabisa na kuwashwa tena, na kuiwasha upya kutoka ndani yake hakutoshi. Kwa mizani, hapo ndipo usubiri usiku. Mwenzako naye, kwa kuwa yumo katika kikundi cha libvirt, ataandika akiwa Nansio:

virt-viewer -c qemu+ssh://jina@seva/system mizani

Skrini itapita ndani ya SSH na hamtahitaji poti nyingine yoyote. Atumie ufunguo wa SSH badala ya nenosiri, la sivyo ataulizwa nenosiri mara kadhaa kwa muunganisho mmoja, na mtu aliyechoka kuulizwa hutafuta njia ya mkato.

Daladala_Buzuruga ameandika:

Nimesoma yote na nimeshaufuta ule mstari wa crontab kwenye seva ninayoitunza. Nina wazo kuhusu mwanafunzi, kama dada Mama_Seva ataniruhusu. Kwa kuwa shabaha yake ni kujifunza, kwa nini asitumie hiyo qemu:///session? Mashine zingeendeshwa kwa jina lake, diski zingekaa kwenye folda yake ya nyumbani, na angeweza kuvunja na kuunda bila kuigusa libvirt ya mfumo.

Mama_Seva amejibu:

Umenizidi hapo, kaka, na ni njia bora kuliko ile yangu ya sudo kama ofisi haina sababu ya kumkabidhi mashine ya mafunzo yenyewe. Aingizwe katika kikundi cha kvm, ambacho humpa /dev/kvm ili mashine zake zisiwe nzito. Hicho si sawa na kikundi cha libvirt, ingawa maelekezo mengi ya mtandaoni huvitaja kwa pumzi moja. Atakumbana na kikwazo kimoja: mtandao wa mashine hizo utakuwa wa kutoka tu, yaani zitapakua vifurushi bila shida, lakini kompyuta nyingine za ofisi hazitaweza kuzifikia. Na umwekee kikomo cha diski kwenye folda yake, Furu, kwa sababu mwanafunzi mwenye bidii hujaza diski haraka kuliko adui.

Furu_wa_Kirumba ameandika:

Nimefanya hivyo. Kikomo ni gigabaiti 60, na tayari ana Debian mbili. Nilimwomba ajaribu pia virsh -c qemu:///system list mbele yangu. Amekataliwa ruhusa kwenye libvirt-sock, maneno yaleyale yaliyonifanya niandike 777 siku ile. VNC tatu zimeshahamia 127.0.0.1, na ya mizani nitaizima leo saa nne usiku.